Mantra, Rozari na Utulivu wa Moyo

Leo mwamini wa Musoma, Bunda au Butiama mwenye simu mkononi aweza kusikiliza sauti ya "Om" ikirudiwa polepole, pamoja na ahadi ya usingizi mwema na amani ya moyo. Je, Mkatoliki aweza kusali hivyo?

Mantra ni neno au kifungu kitakatifu cha mapokeo ya India, kinachotamkwa au kuimbwa kwa kurudiwarudiwa, mara nyingi kwa kuhesabu shanga 108. Baadhi ya mantra hutaja majina ya miungu ya Kihindu. Si mazoezi ya sauti tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Basi tusiwadharau wanaosali hivyo. Hata hivyo, kuheshimu sala ya jirani si sawa na kuifanya iwe yetu.

Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia waliwapima watu 23 wenye afya waliposali Salamu Maria kwa Kilatini na walipotamka mantra. Katika hali zote mbili pumzi ilipungua hadi takriban mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Mwili hutulizwa na pumzi ndefu. Kwa hiyo utulivu peke yake hauwezi kuwa kipimo cha sala.

Ndivyo ilivyoonya barua Orationis formas ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI. Barua hiyo haikatazi kutumia mkao wa mwili au pumzi katika kusali, bali yakataza kudhani kwamba hisia tamu za mwili ni faraja ya Roho Mtakatifu. Sala ya Kikristo ni mazungumzo na Mungu aliye Nafsi, atujuaye na kutupenda.

Wala Kanisa si maskini wa sauti. Linazo zaburi, wimbo wa Kigregori, litania, na ile sala fupi ya kuliitia Jina la Yesu, ambayo Katekisimu yaitaja katika namba 2668. Tena inayo Rozari, ambayo Papa Yohane Paulo II aliiongezea Mafumbo ya Mwanga mwaka 2002.

Kwa hiyo, anayetaka kunyoosha viungo na kuvuta pumzi kwa ajili ya afya hatendi kosa, mradi asichukue pamoja nayo ibada isiyo yake. Aliyekosa usingizi kwa huzuni alitaje polepole Jina la Yesu, au asali kumi moja la Rozari akitafakari fumbo lake. Amani isipokuja upesi, asidhani sala yake imepotea: Kristo mwenyewe alisali Gethsemane kwa uchungu, akirudia maneno yaleyale.

Sala hupimwa kwa matunda yake: mtu ainukapo, je, amesamehe, ametumikia, amependa?