Kutua Bila Injini: Zoezi Linaloua

Mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, uko karibu na mpaka wa Goma, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,460 juu ya bahari. Makazi yamesongamana na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Rubani wa helikopta ambaye injini itamzimikia juu ya mahali kama hapo ana sekunde chache tu za kuchagua. Kwa sababu hiyo majeshi hufanya mazoezi ya kutua kwa dharura, na mazoezi hayo yenyewe yamekwisha kuua watu.

Asili ya maarifa hayo ni Hispania. Ndege ya Juan de la Cierva ilianguka mwaka 1919 kwa kupungukiwa mwendo. Naye akatafuta chombo kisichodhurika kwa njia hiyo. Januari 1923 kiliruka, mapanga yake ya juu yakizungushwa na upepo, si na injini. (Mwenyewe alikufa Croydon mwaka 1936, akiwa abiria katika ndege ya kawaida.)

Helikopta zilirithi siri hiyo. Injini ikizimika, rubani hana budi kupunguza mara moja pembe ya mapanga. Chombo hushuka kwa kasi, na upepo utokao chini huyazungusha. Karibu na ardhi huiongeza pembe, nguvu iliyobaki katika mapanga ipunguze kishindo. Nguvu hiyo hutumika mara moja tu. Akiwahi, itakwisha chombo kingali juu. Akichelewa, ardhi imekwisha kumpokea.

Tarehe 21 Juni 1972 Mfaransa Jean Boulet alifika mita 12,442, injini ikazima, naye akatua salama. Lakini yeye alikuwa na kimo kirefu cha kujirekebisha. Mwanafunzi hana.

Katika miaka ya 1980 Jeshi la Marekani lilizuia vikosi vyake vingi kukamilisha zoezi hilo mpaka kugusa ardhi, kwa kuwa hasara zilionekana kuzidi faida. Wakufunzi wengine walipinga, wakiuliza rubani atajifunza lini hatua ile ya mwisho. Hoja yao ni nzito, hasa milimani.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuzika marubani waliokuwa mafunzoni. Tarehe 28 Januari 2020 helikopta ya jeshi la Uganda, aina ya Jet Ranger, ilianguka katika safari ya mafunzo. Rubani mwenye cheo cha meja na mwanafunzi wake walikufa pamoja.