Anayehama Huondoka na Nini

Mwanamuziki Harmonize alipotoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, mjini palizungumzwa mambo mawili: ugomvi na pesa. Mwenyewe alieleza kwenye mahojiano kwamba kuvunja mkataba kulimtaka alipe shilingi milioni 500, na kwamba aliuza nyumba ili azipate. Watu walishika vichwa. Mimi niliyekulia kwenye biashara ya kanda pale Kariakoo nilishikwa na jambo jingine: safari hii anayeondoka alikuwa na kitu cha kugomboa. Waliomtangulia enzi za bendi walihama mikono mitupu, na hakuna aliyewadai kwa sababu hawakuwa wameshika chochote.

Mfikirie mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA Jazz. Bendi hiyo ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Magitaa, ngoma, vipaza sauti, vyote vilikuwa mali ya chama, na mpiga muziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Mwaka 1978 Gurumo akahamia bendi ya Mlimani Park, na 1985 akatoka tena kwenda Safari Sound, ile ya Ndekule. Kila alipohama alibeba koo lake. Nyimbo alizotunga na kuimba zilibaki kwenye tepu za Radio Tanzania, maana bendi zilirekodi redioni, zikasikika nchi nzima, na nyingi hazikufika dukani. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, huko alikorekodi mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, na mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 hata njia hiyo ikawa nyembamba.

Kuhama bendi kulikuwa desturi, na sisi mashabiki tuliifurahia kupita kiasi. Upinzani wa Msondo, yaani NUTA ileile, na Sikinde, yaani Mlimani Park, ulinogeshwa na wahamaji: Jumamosi unamkuta huku, mwezi unaofuata yuko kwa mahasimu, anajibu mapigo kwa wimbo. Hatukuuliza jamaa anakula nini. Marijani Rajab, mwimbaji ambaye sauti yake kila mtu mzima wa mji huu anaijua, miaka yake ya mwisho aliuza kanda za nyimbo zake kwenye kibanda karibu na nyumbani kwake, hadi alipofariki 1995. Gurumo alistaafu 2013 baada ya nusu karne ya muziki bila kumiliki gari, na aliyempa gari alikuwa Diamond Platnumz, kijana ambaye baadaye angeanzisha WCB. Niliposoma habari ile nilimshukuru Diamond kwa dhati, nikawakasirikia wengine wote waliotangulia, na mimi nimo.

Nimo kwa sababu nilifanya kazi ya kunakili kanda. Wakati huo Bongo Fleva ilikuwa inachanganya, na msambazaji ndiye aliyekuwa mlango pekee wa sokoni. Msanii alikuja asubuhi na master yake, yaani rekodi mama, kutoka kwa watayarishaji kama P-Funk au Master J, ameifunga kwenye mfuko wa rambo, akakalishwa kwenye benchi. Tajiri akasikiliza nyimbo mbili, ya tatu akairukisha, akataja bei. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuuza jumla: unachukua donge lako, master inaingia kabatini na haitoki tena. Ya pili, kulipwa kwa kila kanda itakayouzwa. Hii ya pili ilionekana ya haki, na ndiyo iliyoumiza zaidi, kwa sababu anayehesabu kanda ni yuleyule anayekulipa. Mashine zilinguruma mpaka usiku, vifurushi vikapakiwa kwenye mabasi ya Mbeya na Mwanza, na daftari aliloonyeshwa msanii halikulingana na lile la ndani.

Wajanja walivumbua kitu kimoja ambacho mpaka leo nakiheshimu. Walikwenda kuchapisha kava wenyewe. Kanda isiyo na kava haiuziki, inaonekana ya kuibia, kwa hiyo aliyeshika kava ndiye aliyeshika hesabu. Msanii alikuja na boksi, akahesabu kava mbele ya tajiri mojamoja, akalipwa kwa idadi hiyo. Zikiisha, aitwe alete nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwa imeshapitishwa 1999, lakini pale kaunta ulinzi wa kweli ulikuwa lile boksi la karatasi za rangi. Naliona kuwa mwanzo halisi wa kujitegemea katika muziki wetu, kabla ya mtu yeyote kumiliki lebo.

Baadaye CD zikaja na kupita, kanda zikafa, wasambazaji wakafunga milango. Ndipo lebo zikashika nafasi. Lebo ilikupa studio, video ya gharama, nguo, jina. Harmonize, kijana wa Mtwara, ndiye msanii wa kwanza kusainiwa WCB, na wimbo wake Aiyola wa 2015 ulimfungulia mlango. Siwezi kusema alionewa kuingia pale. Aliyekuwekea mtaji anastahili kurudishiwa. Ninachokitazama ni ukurasa wa kutokea: master ni ya nani, chaneli ya YouTube ni ya nani, na bei ya mlango imeandikwa tangu mwanzo au inatajwa siku ya kuondoka.

Alipotoka akaanzisha Konde Music Worldwide, na Machi 2020 akazindua albamu ya Afro East pale Mlimani City, Rais mstaafu Jakaya Kikwete akiwa ukumbini. Albamu ilikuwa na nyimbo 18. Humo alimshirikisha Burna Boy kutoka Nigeria, na Lady Jaydee, ambaye Machozi yake niliipanga kwenye rafu kwa mikono yangu enzi za kanda. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini. Mikusanyiko ikazuiwa, na msanii aliyetoka kulipa gharama ya uhuru wake akakosa jukwaa. Albamu ikaishi kwenye simu, Boomplay na YouTube. Hapo ndipo faida ya kumiliki ilipoonekana: kila aliyebonyeza alihesabiwa, na hesabu iliingia kwa mwenye albamu.

Rich Mavoko alikuwa ameshaondoka WCB 2018, na Rayvanny akafuata 2022 akiwa na Next Level Music yake. Konde Gang, lebo hiyo ya Harmonize, nayo ikawa na vijana wake. Wa kwanza kusainiwa alikuwa Ibraah, naye pia wa Mtwara, na mwaka 2025 alijitokeza hadharani kulalamikia gharama aliyotakiwa kulipa ili atoke.