Insha ya masimulizi

Insha ya masimulizi ni utungo wa nathari unaosimulia tukio au mfululizo wa matukio, ya kweli au ya kubuni. Hukaribiana na insha ya maelezo, ambayo humchorea msomaji mtu, mahali au kitu. Kwa kawaida mtungaji huhitaji zote mbili katika kazi moja. Hufundishwa katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya insha.

Masimulizi ya Kiswahili hubebwa na kiambishi -ka-. Mtungaji huanza na -li-, kisha hufuatisha: "Alifunga duka, akachukua baiskeli, akaondoka." Kila -ka- husogeza kisa hatua moja mbele. Maelezo husimamisha mwendo huo, mara nyingi kwa -likuwa na -ki-. Linganisha: "Alipofika mlangoni, mbwa akabweka" na "Alipofika mlangoni, mbwa alikuwa akibweka." Katika sentensi ya kwanza mbwa ameshtushwa na mgeni, katika ya pili kuna jambo lililotangulia. Anayechanganya viambishi hivi hubadilisha kisa chenyewe bila kujua.

Tanakali na takriri za sauti, kama giza totoro au kutulia tuli, hufaa zikitumiwa kwa uchache. Kosa la kawaida zaidi ni utangulizi uliokaririwa: jogoo huwika na jua huchomoza hata pale ambapo kisa kimetokea sokoni saa tisa alasiri.