Elimujamii ya Sheria: Maana Yake na Jina Lake

Mwanafunzi wa sheria hufundishwa tangu mwanzo kuuliza kanuni yasema nini, imetungwa na nani, na hakimu ataifasiri vipi; lakini liko swali jingine, ambalo aghalabu huachiwa wasomi wa shahada za uzamili na uzamivu, nalo ni hili: baada ya kanuni kutangazwa, watu huishi vipi? Elimu inayolishughulikia swali hilo ndiyo elimujamii ya sheria.

Mmoja katika waasisi wake ni Eugen Ehrlich, aliyesomesha sheria ya Kirumi katika Chuo Kikuu cha Czernowitz, mji mkuu wa jimbo la Bukovina, ambalo zamani zile lilikuwa chini ya dola ya Austria. Jimboni humo walikaa pamoja Waromania, Waukraini, Wajerumani, Wayahudi na kaumu nyinginezo, na wote walihukumiwa kwa kanuni moja ya madai ya mwaka 1811. Ingawa kanuni hiyo ilimpa mtoto haki juu ya mali aliyoichuma, Ehrlich alieleza kwamba baba wa Kiromania alikwenda mwenyewe kwa tajiri wa mwanawe, akapokea ujira na kuutumia apendavyo, wala hapana aliyedhani kwamba mtu amedhulumiwa. Ada za namna hiyo, ambazo huyatawala maisha hata kama hazimo vitabuni, aliziita sheria hai, na kitabu alichokitoa mwaka 1913 kikawa miongoni mwa nguzo za elimu hii.

Na sisi Tanzania hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamke wa Kihaya kuitumia ardhi ya ukoo aliyoirithi, ila lilimkataza kuiuza. Na mwanamke mmoja alipoliuza shamba alilousiwa na babake, jamaa yake akashitaki, shauri likapanda daraja kwa daraja hata likafika Mahakama Kuu mjini Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba ubaguzi huo wapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanasheria huisoma hukumu hiyo na kuridhika. Mwenye elimujamii ya sheria huanzia hapo kazi yake: huenda kijijini akauliza kama wazee wa ukoo wameipata habari, kama mnunuzi huthubutu kutoa fedha zake bila ya idhini yao, na kama binti anayeijua haki yake huweza kuidai bila ya kutengwa na nduguze.

Ama kuhusu jina, wako wasemao sosholojia ya sheria, na neno hilo si kosa; lakini elimujamii limekwisha zoeleka, na sehemu zake zote mbili, elimu na jamii, ni za lugha yetu siku nyingi. Yafaa liandikwe neno moja, kwa kuwa elimu ya jamii, ikitenganishwa, huweza kudhaniwa kuwa ni mafunzo yatolewayo kwa umma. Tena mpangilio wa jina waeleza cheo cha kila upande: elimujamii ndiyo itazamayo, na sheria ndiyo itazamwayo. Ndiyo sababu sheria na jamii, ingawa ni jina zuri la somo, halitoshi kuwa istilahi, maana lataja vitu viwili pasi na kueleza vinachunguzwa kwa njia gani.

Leo elimu hii ina makao yake mahsusi, kama taasisi ya kimataifa iliyoasisiwa mwaka 1988 mjini Oñati, katika nchi ya Wabaski, Hispania. Lakini kwetu Tanzania mashahidi wa mahakama za mwanzo husema Kiswahili, na mahakimu wao huandika Kiswahili, hali tasnifu zinazowachunguza hutungwa kwa Kiingereza, wasizisome wale wale waliohojiwa. Basi nawasihi walimu wa sheria na wanafunzi wao waipokee istilahi hii, waitumie katika mihadhara na maandishi yao, na wawarudishie wananchi, kwa lugha waliyohojiwa kwayo, elimu iliyotoka kwao.