Askari wa Bati na Hesabu ya Gharama

Neno diorama, ambalo leo humaanisha mandhari ndogo yenye sanamu zilizopangwa mbele ya picha ya usuli, lilianza kutumika mwaka 1822, wakati Louis Daguerre na Charles Bouton walipofungua mjini Paris jumba la pazia kubwa lililochorwa, ambalo sura yake ilibadilika kadiri mwanga ulivyoelekezwa. Sanamu za kijeshi zilizokuja kukaa ndani ya diorama ni kongwe kuliko jina hilo, na zilitoka katika karakana za mafundi bati wa Nuremberg, Ujerumani, ambako gharama ndiyo iliyoamua umbo.

Johann Gottfried Hilpert, fundi wa mji huo katika karne ya 18, alijulikana kwa sanamu bapa, yaani nyembamba kama sarafu. Kalibu, chombo cha kutolea umbo, ilitengenezwa kwa mabamba mawili ya sleti, jiwe linalochongeka kwa urahisi, kila moja likichorwa upande mmoja wa askari, kisha mchanganyiko wa bati na risasi ulioyeyushwa ulimiminwa katikati. Kwa kuwa bati lilikuwa ghali, ubapa uliokoa madini, na kalibu moja ilitoa maelfu ya askari. Karakana ya Ernst Heinrichsen, iliyoanzishwa mwaka 1839, ilishikilia kimo cha takriban milimita 30, ambacho wengine walikifuata, hata mnunuzi wa kipato kidogo akaweza kukuza jeshi lake kidogokidogo bila askari wapya kuwapita kimo wale wa zamani.

Ubapa huohuo ulizaa ufundi wa rangi. Sanamu isiyo na unene haina kivuli chake yenyewe, kwa hiyo mchoraji hodari huchagua upande mmoja wa kutokea mwanga, akatia giza katika mikunjo ya koti na weupe begani, mpaka jicho likubali kwamba kifua kimevimba. Askari wa kuchezea hawakupata uangalifu huo: walipakwa rangi majumbani na wanawake na watoto kwa ujira mdogo, jambo ambalo wapenzi wa sanaa hii hulitaja mara chache mno.

Aliyepuuza hesabu aliumia. William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, alianza mwaka 1830 kutengeneza mfano mdogo wa uwanja wa vita vya Waterloo, akakaa miezi kadhaa katika shamba la La Haye Sainte akipima ardhi. Serikali ilipoacha kumlipa, aliendelea kwa fedha zake na za kukopa, na mfano wenye makumi ya maelfu ya sanamu, ulioonyeshwa London mwaka 1838, haukumrudishia gharama.

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kumwaga nje risasi iliyoyeyuka kabla haijaganda yote, ikabaki sanamu yenye uwazi ndani, nyepesi na nafuu. Plastiki ilishusha bei zaidi, hasa baada ya kampuni ya Airfix kuanza kuuza sanamu zake mwaka 1959. Plastiki hiyo laini haishiki rangi vizuri, hivyo wajenzi huiosha kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibuni, huipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, na kwa wembe, pini ya moto na vipande vya karatasi humgeuza askari wa sanduku moja kuwa wa jeshi jingine kabisa.