Bugeshi na Viwanja Viwili vya Ndege

Sekta ya Bugeshi, katika wilaya ya Rubavu kaskazini-magharibi mwa Rwanda, imekaa juu ya udongo mweusi wa volkeno unaostawisha viazi, na mkazi wake anayeteremka kuelekea Ziwa Kivu huvikuta viwanja viwili vya ndege, cha Gisenyi na cha Goma, ambavyo havikutenganishwa hata na kilomita 3, ila mpaka wa Rwanda na Kongo umepita katikati yake.

Umbali wa angani ni mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya kiwanja na kiwanja, bila kujali mlima wala mto. Kwa kipimo hicho, kutoka Gisenyi hadi Kanombe, kiwanja cha Kigali, ni takriban kilomita 103, yaani maili 56 za baharini, kwa kuwa maili moja ya baharini ni mita 1,852; barabara inayopitia Musanze, ambayo hulazimika kuufuata mgongo wa kila kilima, hukaribia kilomita 155. Muda wa safari, kwa upande wake, huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama kabisa, na ndiyo maana safari fupi kama hii huandikiwa yapata nusu saa, ingawa sehemu kubwa ya muda huo huliwa na kupanda na kushuka.

Kabla ya ndege, safari ilihesabiwa kwa wiki: mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda kwa miguu pamoja na msafara wake wa wapagazi, akaingia mwezi Mei na kulifikia Ziwa Kivu Juni. Hata ndege zilipokuja hazikuwa za haraka mno: mwaka 1925 Edmond Thieffry alitumia siku 51 kutoka Brussels hadi Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa.

Kati ya viwanja vile viwili, Goma ndiyo iliyopata njia ndefu ya kurukia, kama mita 3,000, urefu usio wa anasa mahali palipo mita 1,550 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkeno Nyiragongo ulilipuka, na lava yake, ambayo ni majimaji kupita ya volkeno nyingi, ikafunika karibu theluthi ya njia hiyo kwa upande wa kaskazini, kisha ikaganda kuwa mawe yaleyale meusi ambayo Wanyarwanda huyaita amakoro. Ndege kubwa zikakosa nafasi. Umbali wa kwenda Kigali haukuongezeka hata mita moja.

Siasa nayo imewahi kufanya kazi ya lava. Shirika la ndege la RwandAir lilikuwa likiruka kati ya Kigali na Goma hadi Mei 2022, Kongo ilipolizuia. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Goma na safari za kawaida za ndege zikasimama, hivyo msafiri wa Goma akalazimika kuvuka mpaka, kupanda basi Gisenyi na kukaa barabarani saa tatu au zaidi ndipo aione Kanombe.