Uhuru wa Bendi na Ubishi wa Mashabiki: Roki Huru ya Uingereza, 1980–1993

Mashabiki wa roki huru nchini Uingereza walipobishania ubora wa bendi, masuala mawili yalichanganyika: ladha ya muziki na umiliki wake. Chati ya muziki huru, iliyoanza mwaka 1980, haikupima mtindo. Ilihesabu rekodi zilizosambazwa nje ya mfumo wa kampuni kubwa. Ndiyo maana Kylie Minogue, mwimbaji wa pop, aliingia katika chati hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa kampuni yake, PWL, ilitumia msambazaji huru. Kwa upande mwingine, kanda ya C86, iliyotolewa na jarida la NME mwaka 1986 ikiwa na bendi 22, ililifungamanisha neno "huru" na mlio wa magitaa. Mwaka 1992 Sony ilinunua hisa za Creation Records. Mwaka uliofuata Creation ikaingia mkataba na Oasis. Je, bendi hiyo ilikuwa huru? Makala haya yanadai kuwa swali hilo halikuwa ushabiki mtupu. Kwa msamiati wa ladha, mashabiki walijadili ni nani astahiliye kunufaika na kazi ya msanii. Mtafiti anayeuona ubishi huo kuwa wa ladha pekee huuacha nje uchumi uliouzaa.